Swali la Unggat na Paa la Jarau

Nyumba ya Unggat,
Nanga Sepaya,
Sarawak.
11 Machi 1962.

Mpendwa mdogo wangu Langgai,

Salamu nyingi kutoka huku mtoni. U hali gani? Kile kifua kimepona, au bado unalala na nguo mbichi kama ulivyozoea? Sisi tu wazima. Mama yako naye mzima, ila magoti. Mpunga umeiva, na kima wameuonja kabla yetu.

Najua umeshasikia fununu kuhusu paa la kwenu, maana umbea hufika hata huko jeshini, nchini Malaya. Basi usikie kwangu mimi dada yako, niliyeona kwa macho yangu.

Yote yalianza na habari kwamba Malaya, Singapuri, Sarawak na makoloni ya jirani yaunganishwe yawe nchi moja. Baba, akiwa mkuu wa nyumba hii ndefu ya familia nyingi, inayobeba jina lake, aliipenda habari hiyo tangu siku ya kwanza. Baba yako, baba mdogo wangu, hakutaka hata kuisikia. Ukumbini hapakukalika.

“Mtamezwa!” alisema baba mdogo. “Wao wengi, sisi wachache. Mtaamka siku moja mkute hata jogoo anaomba ruhusa ya kuwika.”

“Na tukibaki peke yetu tutafanya nini, Jarau? Tuwauzie kima pilipili?”

“Wewe ingia, kaka. Mimi chumba changu nakitoa.”

Tulidhani anatania. Asubuhi tukasikia gogogo juu, kumbe amepanda anabandua vigae vyake vya mbao. Desturi unaijua: paa la mtu ni lake, na akishatoa faini yake ya nguruwe, hakuna wa kumzuia kubeba mbao zake. Lakini chumba chenu kiko katikati, Langgai! Wa pembeni akihama, nyumba inafupika tu. Mkihama ninyi, zinabaki nyumba mbili zinazotazamana. Mama yako alikuwa chini ya lile tundu, analia huku anaokota vigae na kuvipanga. Jua liliangukia mbao za ukumbi ambazo hazijawahi kuonja jua tangu babu azipigilie. Niliogopa kweli. Na mimi nililia, ila hilo usimwambie mtu.

Baba alitakiwa kwenda sokoni kuonana na tume iliyokuja kuuliza watu wanataka nini. Tulichelewa kuondoka, maana ndege alilia upande mbaya, na Baba hawezi kwenda kuisemea nyumba nzima huku ndege anamkatalia. Tulingoja mpaka akalia vizuri. Mimi nilikwenda kupika. Baba yako naye alikuja, lakini kwa mtumbwi wake mwenyewe, nyuma yetu, amenuna kama bata aliyenyimwa chakula.

Tulifika wa mwisho. Darasa la shule lilikuwa limejaa wakuu wa nyumba, na mbele wamekaa wageni, Waingereza na watu wa Malaya, wanaandika. Mdogo wangu, walikuwa wanaandika maneno yetu! Raja wa kwanza, yule mtawala mzungu, alipokuja hakumuuliza mtu. Wajapani hawakuuliza. Raja wa mwisho alipoondoka na sisi tukakabidhiwa kwa Waingereza, nani alimuuliza babu? Sasa mzee wa mpunga anasimama, anasema nataka, au sitaki, au ngojeni kwanza, na mtu mwenye tai anashika kalamu akimsubiri amalize kukohoa. Sisi wanawake tulikuwa dirishani. Nikaacha hata kutafuna tambuu.

Zamu ya Baba ilipofika, baba yako alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

“Kwetu,” Baba alisema, “familia ikitaka kuhama, sheria yake inajulikana. Inalipa faini, inabeba mbao zake, inakwenda kwa amani. Hii nyumba kubwa mnayotaka kuijenga, mwenye chumba akitaka kutoka, sheria yake ni ipi?”

Mkalimani aliomba arudie. Baba akarudia. Wageni wakatazamana. Mmoja, kichwa cheupe, akaweka kalamu chini.

“Mzee, unataka kutoka hata kabla hujaingia?”

“Mimi nataka kuingia, bwana. Anayeuliza ni mdogo wangu. Yule pale mlangoni, kiburi kimemzuia asikae.”

Darasa zima liligeuka kumtazama baba yako, watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha. Badala ya jibu walisema swali litaandikwa, nami nikaona kalamu zote zinakwenda pamoja. Maneno ya baba yako, mtu asiyewataka, yaliingia katika karatasi zao kwa kinywa cha kaka yake. Nilimtazama baba mdogo, naye alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

Wakati wa kurudi aliufunga mtumbwi wake nyuma ya mashua yetu, akaja kukaa karibu na Baba.

Kesho yake tukasikia tena gogogo juu. Alikuwa anarudisha vigae.

“Msifurahi,” alituambia kutoka juu. “Nimeona mawingu tu. Moyo wangu uko palepale.”

Amevirudisha vyote isipokuwa kimoja, juu ya ukumbi. Hicho, anasema, kinangoja jibu. Mvua ikinyesha mama yako anaweka beseni. Jua likiwaka, doa la mwanga linapita sakafuni, na wazee wetu wawili wanakaa pande mbili za doa hilo wakibishana. Mimi kila nikiliona nakumbuka kalamu za lile darasa.

Mama anakusalimu, na shangazi Bawai, na mama yako anasema ule ushibe. Mizimu ya babu ikulinde huko porini, na ndege wakulilie upande mwema.

Ukilisikia jibu huko Malaya, njoo nalo. Usipolisikia, njoo hivyohivyo. Kigae kimeegemezwa mlangoni kwenu, na baba yako hataki mtu akiguse. Anasema ni chako kukipandisha.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Sendi