Mkanda wa Kokoto

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Nyumba bado kimya tangu kaka yako atutoke. Mpaka leo nachemsha chai ya watu wawili, kisha najicheka.

Nina habari ya kujivunia. Jumamosi nilimpeleka Kokoto, yule mbwa jike niliyeachiwa na kaka yako, kwenye mashindano ya mbwa. Ana miezi kumi tu. Shemeji, amechukua kombe kuu! Amewapita mbwa wazima wote, hata dume la mwoka mikate lililoshinda miaka mitatu mfululizo.

Ukumbi ulichafuka. Mwoka mikate alisema kombe wamempa mtoto wa chekechea, tena asiye na hata meno ya kulitafunia. Wengine wakadai mbwa mchanga ni ahadi tu. Kesho miguu itarefuka, mgongo utapinda, na kombe limeshatoka. Mwamuzi, mama mpole mwenye miwani, akawajibu kwamba hakuitwa pale kupiga ramli. Yeye anampima mbwa aliyesimama mbele yake leo, na leo hakuna aliyesimama kama huyu. Kokoto mwenyewe alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu. Nilijiona mrefu kama mlango.

Najua unakumbuka nini unaposoma haya. Miaka tisa iliyopita mwamuzi alikuwa kaka yako, na mbwa mchanga alikuwa Shanga wako. Alikwambia mbele za watu umrudishe akishakomaa. Mwaka uliofuata Shanga alikuwa amevunjika mguu, na ninyi wawili hamkusemezana tena. Hata mazishini ulisimama nyuma kabisa, ukaondoka kabla sijakushika mkono.

Sasa nikuungamie. Kokoto ni mjukuu wa Shanga. Kaka yako alimnunua kimyakimya kupitia kwa kinyozi, ili usijue kwamba mnunuzi ni yeye. Mkanda wa shingoni alimshonea mwenyewe, pale kwenye meza yake ya kushonea viatu. Unajua alivyokuwa: mikanda yake ya mashindano yote ilikuwa ya mbwa wazima. Huu aliutoboa tundu moja la ziada, la shingo ndogo. Akaniambia kwamba siku ile alikosea, kwamba Shanga ndiye aliyekuwa bora ukumbini, na kwamba nikuandikie mimi, maana mkono wake ulishaanza kutetemeka. Nikamwambia apone kwanza, akakwambie mwenyewe. Hakupona. Kuchelewa huku ni kosa langu, si lake. Nisamehe.

Fomu ya mashindano inauliza ukoo wa mbwa. Niliandika Shanga, na jina lako pembeni. Mtangazaji aliyasoma yote mawili kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi, hata mwoka mikate.

Kombe nimeliweka kwenye meza ya viatu. Njoo ulichukue, ni lenu.

Nisalimie mama watoto, na wanao wote mmoja mmoja. Kokoto angekusalimu pia, ila amelala juu ya mguu wangu.

Ni mimi shemeji yako,
Mke wa fundi viatu