Pembetatu Kwenye Tundu la Mraba

Katelembo, 14 Januari 2025

Kwako Nau, baba yangu Ngui,

Habari za huko Kalama? Goti la Mama linaendeleaje? Sisi huku ni wazima, ila vumbi. Naandika kwa sababu masikio yako na simu havipatani, na Mama akinifikishia majibu yako huyapunguza makali.

Ile nyumba ya kulea watoto nimeifungua. Vyumba viwili, watoto kumi na mmoja, wote chini ya miaka mitatu. Mama zao wako viwandani Athi River na huwaleta saa kumi na mbili asubuhi. Nimewanunulia vya kuchezea vya kuwafundisha: pete za kupanga kwenye kijiti, kubwa hadi ndogo, na boksi lenye matundu, kila umbo na tundu lake. Ni vya plastiki. Nimempa Mahmud wa mizigo seti moja amletee Mwelu wa kaka Levi.

Mwanao,
Kaluki

Kalama, 21 Januari

Kaluki,

Hapa tuko salama. Goti la mama yako linapanda mlima wakati wa kanisa tu. Mwelu ameota meno na anauma watu.

Boksi limefika. Nimekaa nalo asubuhi nzima. Pembetatu inapita kwenye tundu la mraba. Duara nalo linapita hapo hapo. Ile nyota ukiisukuma inapita. Nilimwita Levi aone, akasema, "Baba, si ni kitu ya watoto tu." Ndiyo sababu nakasirika! Mtu mzima akidanganywa atajua. Mtoto anaweka kitu mahali si pake, kinaingia, nanyi mnampigia makofi. Mnamfundisha nini?

Na wewe, binti wa mchongaji, umepita maduka mangapi kabla ya kukumbuka kwamba baba yako bado ana mikono? Nitumie vipimo.

Baba yako,
Ngui

Katelembo, 27 Januari

Nau,

Natumaini mnaendelea vizuri. Umenichapa na nimesikia. Nimejaribu nyota mwenyewe. Ni kweli inapita.

Nataka seti tatu. Pete ziwe tano, si zaidi, kwa sababu mtoto wa mwaka na nusu huchoka. Kijiti kiwe kinene, kifupi na butu, maana wataanguka juu yake. Pembe zote zilainishwe kwa msasa. Matundu yaache nafasi kidogo, mikono yao bado haijatulia. Ndani ya bahasha nimeweka kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya choo ikiisha. Kipande chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto. Usikilete.

Mwanao,
Kaluki

Kalama, 24 Februari

Kaluki,

Za siku nyingi? Sisi tupo. Seti tatu hizi hapa, mti wa mjakaranda. Hakuna kilichopita kwenye kibomba chako. Pembetatu haiingii kwenye mraba hata uikalie. Nimezing'arisha mpaka mama yako amejiona uso.

Baba yako,
Ngui

Katelembo, 4 Machi

Baba,

Salamu kwa Mama. Mimi si mzima, nina hasira.

Jana saa tatu asubuhi niliingia chumba cha pili nikakuta watoto wanne midomo yao ni myeusi. Ulimi, ufizi, mate mpaka kifuani. Ulipaka rangi ya viatu! Ile ya kopo, unayopaka twiga na vinyago ili mjakaranda uonekane kama mpingo. Umewapaka watoto wa watu rangi ya viatu!

Niliwapeleka zahanati wote wanne. Mmoja alitapika, wengine hawakudhurika. Wayua, mama yake Mumo, alikuwa amefika mapema kumchukua mtoto, akapiga picha na kuituma kwa kundi la wazazi kwenye simu. Chini yake aliandika, "Hii ndiyo elimu tunalipia." Kufikia jioni watoto watatu walikuwa wameondolewa, Mumo wa kwanza. Wakiondoka wawili zaidi, nafunga mlango.

Kosa langu ni moja: sikukuandikia usipake. Nimelelewa ndani ya harufu hiyo hata sikuisikia nilipofungua mzigo.

Kaluki

Kalama, 10 Machi

Kaluki,

Mama yako anakusalimu. Mimi nakujibu.

Miaka thelathini na minane napaka rangi hiyo. Vinyago vyangu vimesafiri nchi ambazo wewe unaziona kwa ramani. Hakuna hata mtu mmoja aliyerudisha kimoja akisema kimemdhuru. Leo binti yangu niliyemsomesha kwa kopo hilo hilo ananiandikia kama polisi. Huyo Wayua wako anajua nini kuhusu mti? Na wewe watoto wanalamba vitu ukiwa wapi?

Rudia plastiki yako. Huko pembetatu inaingia popote.

Ngui

Katelembo, 15 Machi

Baba,

Nilikuwa napika uji wao. Watoto hulamba kila kitu, ndiyo kazi yao. Hakuna mtalii aliyewahi kulamba twiga wako, ndiyo maana hakuna aliyerudi kulalamika.

Nimempigia Mama simu. Nimemuuliza juu ya kifaru mweusi wa kuchonga niliyekuwa naye nikiwa na mwaka mmoja na miezi minane, yule niliyezoea kunyonya pembe yake. Amesema nililazwa siku mbili, natapika. Mlisema ni maharagwe. Amesema pia kwamba pembe ilikuwa imebaki nyeupe.

Sijui kama ni kifaru. Hata daktari wa wakati ule hangeweza kujua leo. Lakini pembe ilibaki nyeupe, na ile rangi nyeusi ilienda mahali.

Mtoto wa nne ameondoka leo.

Mwanao,
Kaluki

Kalama, 29 Aprili

Kaluki,

Mko wazima huko? Wiki saba sijakuandikia. Mama yako ameniambia bado hujafunga.

Alinionyesha huyo kifaru. Miaka yote alikuwa naye kwenye sanduku la vitenge. Pembe ni nyeupe kama ulivyosema. Mimi niliyempaka sikuwahi kuitazama.

Seti tatu mpya hizi hapa. Zile za kwanza zitume, nizitie motoni mwenyewe. Hizi nimezipiga msasa mara nne, kisha nta ya nyuki kutoka mizinga ya jirani Justus, na hakuna kingine. Wenzangu kibandani wananicheka, wanasema nimeanza kuchonga vijiko vya malaika. Wacheke. Matundu nimeyapanua kidogo ulivyotaka, lakini pembetatu bado haiingii kwenye mraba. Hapo sikubali.

Kila kipande nimekiweka mdomoni mwangu mpaka mate yakajaa. Vipande thelathini na tisa, siku tatu. Levi alidhani nimerukwa na akili. Sikutapika. Vina ladha ya asali kidogo, kwa hiyo watalamba zaidi, na hilo usinilaumu.

Ndani kuna kitambaa changu cheupe cha kanisani. Mwite huyo Wayua mbele ya wazazi wote. Mpe kitambaa na maji ya moto, achague kipande mwenyewe, asugue atakavyo. Kikitoka cheusi, andika jina langu kwenye hilo kundi lao.

Kifaru nimemkwangua mpaka mti mtupu. Yuko chini kabisa ya mzigo. Huyo si wa watoto.

Baba yako,
Ngui

Katelembo, 6 Mei

Nau,

Natumaini barua hii inawakuta wazima wote, na Mwelu ameacha kuuma. Huku tuko salama.

Wayua alikuja Jumapili. Walikuja wazazi saba. Alichagua pete kubwa, akasugua mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Halafu akasugua pembetatu, kitambaa kikabaki cheupe. Hakusema samahani. Alisema, "Kesho nitamleta saa kumi na mbili."

Jana Mumo alisukuma pembetatu kwenye tundu la mraba kwa dakika kumi na tano. Ikakataa. Akanitazama, nami sikumsaidia. Akaitupa ikanigonga mguu, na bado nachechemea. Kisha akaiokota mwenyewe, akaigeuza, akapata tundu lake. Hakuna aliyempigia makofi, akajipigia mwenyewe.

Waliorudi ni watatu. Wa nne mama yake bado anafikiria.

Kitambaa chako nakirudisha na Mahmud. Sijakifua.

Mwanao,
Kaluki