Mkono wa Baba Mfukoni

Nyuma ya Kiwanda cha Sukari,
Consuelo,
San Pedro de Macorís.
11 Mei 2014

Mpendwa Shangazi Nereida,

Kabla ya yote naomba baraka zako, kama ninavyoziomba pale mlangoni kila unapokuja. Magoti yanaendeleaje na hizo ngazi za Madrid? Na yule bibi unayemtunza, bado anakuita kwa jina la dada yake aliyefariki? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua imechelewa, masizi ya miwa inayochomwa yanatua kwenye nguo alizoanika Mama, naye anaigombeza mbingu kana kwamba ni jirani yake wa pili.

Barua yako ya Pasaka niliipata. Umeuliza kwa nini kila ukimtaja kaka Rubel kwenye simu, Mama anakimbilia habari za mvua. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu simu ya Mama hufunguliwa sauti yote na kusikilizwa na mtaa mzima, na mimi unanijua, mbele ya watu ulimi wangu hugeuka jiwe.

Kigutu unakijua kuliko mimi, maana ulikuwepo mashine ya kiwanda ilipokula kidole cha shahada cha Baba. Unakumbuka Baba ndiye aliyemfundisha Rubel kuushika mpira wa besiboli kwa vile vidole vilivyosalia, kidole cha shahada kikunjwe kama hakipo. Mkono unakuja kwa nguvu zote lakini mpira unachelewa njiani, halafu unazama, na mpigaji anabaki anakata hewa na gongo lake. Tukauita mrusho huo Kigutu. Huo ndio uliompandisha Rubel. Miaka ile yote ya timu ndogo huko Marekani, mabasi na baridi na mkate usio na ladha, mpaka mwaka jana alipoitwa timu kubwa, ni Kigutu.

Baba mwenyewe, lakini, mkono ule aliuficha mfukoni. Hata kanisani alipeana amani kwa mkono wa kushoto.

Sasa sikiliza. Septemba Rubel alishinda mechi yake kubwa, na sote tulikuwa dukani kwa Don Chencho kwenye ile televisheni yake. Meza za domino zilikuwa kimya. Mtangazaji wa Kimarekani akamsimamisha Rubel uwanjani, akamuuliza ule mrusho alifundishwa na nani. Rubel hakutaka mkalimani. Alijibu mwenyewe kwa Kiingereza, nami moyo wangu ulijaa, Shangazi, kwa sababu Kiingereza kile nilimfundisha mimi kwa simu, Jumapili baada ya Jumapili, kwa kile ninachokipata mchana shuleni kwa masista.

Kisha nikasikia alichosema.

Watu wote wakanigeukia mimi.

“Haya, Yaniris, fasiri!” Don Chencho alisema. “Au masista wanakufundisha kunyamaza tu?”

“Mwacheni mtoto apumue,” Baba akasema. Alikuwa amevaa fulana ya Rubel, inamfika mapajani. “Pole pole, binti yangu. Kaka yako amesema nini?”

Nikasema, “Amesema ni Baba. Amesema Kigutu ni cha babangu.”

Duka lililipuka. Mtu mmoja alipiga meza hadi vipande vya domino vikaruka. Don Chencho akasema, “Eligio, hebu tuonyeshe huo mkono, acha kuuficha kama mke wa wizi!” Na Baba akautoa. Wakaushika mmoja mmoja, kama wanavyoshika miguu ya sanamu siku ya Ijumaa Kuu. Tangu siku ile kaka yako alitembea Consuelo nzima mkono nje, na kanisani amani aliitoa kwa mkono wa kulia.

Rubel alikuwa amesema hivi: kwetu hakuna mtu anayejua kufundisha, tunatupa mawe tu, na mrusho ule alifundishwa na kocha wake wa Marekani.

Usiku ule ule nilimpigia. Alicheka, akasema alichanganyikiwa na kamera, na kocha alikuwa amesimama pembeni. Akaniambia, “Umeniokoa, mdogo wangu. Niachie mimi. Nikija nitamwambia Baba mwenyewe, ana kwa ana, na jina lako halitatajwa.” Niliamini. Nani hamwamini kaka yake?

Alikuja Novemba. Mama alipika mchuzi wa sancocho, nyama na mihogo, kwenye sufuria lile la misiba, ua ulijaa watu. Nilingoja amchukue Baba kando. Jumamosi ikapita. Jumapili Don Chencho akanyanyua glasi kumpongeza kijana asiyewasahau wazazi wake, na Rubel akanyanyua ya kwake. Alikunywa, Shangazi. Aliinywa heshima ile mpaka tone la mwisho, wala hakunitazama.

Ndipo Baba akavaa glavu ya zamani, akachuchumaa kando ya banda la kuku. “Njoo unirushie Kigutu,” akasema, “nife nimekidaka kutoka kwa mtu wa timu kubwa.”

Rubel alirusha. Baba akaudaka, akaugeuzageuza mkononi, akaurudisha. Rubel akarusha tena. Baba akasimama.

“Hiki sicho.”

“Ndicho, Baba. Walikinyoosha kidogo tu kule.”

“Walikunyoosha wewe. Kidole chako cha shahada kinagusa mpira. Kigutu gani kina kidole?” Watu wakacheka. Baba hakucheka. “Sasa kama kimeshakuwa chao, mbona ulitangaza ni changu? Mimi sitaki sifa ya kupewa kwa huruma, mwanangu. Ungesema kweli tu.”

Pale pale ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angeweza kusema lolote. Nilimwashiria kwa kichwa aseme, nikijua anakumbuka ahadi yake. Alinitazama sawasawa machoni, kisha akamgeukia Baba.

“Mimi sikusema hivyo, Baba. Muulize huyu. Yeye ndiye aliyetunga.” Na akacheka, kicheko kile chake kizuri cha kwenye televisheni. “Tumemsomesha kwa masista atufundishe uongo wa lugha mbili!”

Wakacheka wote, maana Rubel akicheka watu hucheka. Don Chencho, ambaye bado alikuwa na mahojiano yale kwenye simu yake, akayafungua. Baba akavua glavu, akavuta kiti, akakaa.

“Nifasirie upya,” akaniambia. “Usiongeze chumvi, usipunguze.”

Nilifasiri, Shangazi, mbele ya ua mzima, mimi nisiyeweza hata kusoma somo la misa bila kutetemeka. Nilipofika pale pa mawe, hakuna aliyekuwa anacheka tena. Rubel alikuwa anachokoa mhogo kwenye bakuli lake. Baba alisema, “Asante, binti. Sasa nimesikia.” Akauweka mkono mfukoni.

Wengine wamemsamehe Rubel kwa sababu ya vile alivyo mtu mkubwa. Mimi ndiye niliyebaki na jina; wavulana wa hapa kona wananiita Mkalimani, na wakiniita wanauma midomo wasicheke. Hayo nayavumilia. Ninaloshindwa ni kwamba Baba aliacha kuniuliza maneno. Dawa zake za presha zilipokuja na maelezo ya Kiingereza, alizipeleka kwa Don Chencho, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, wakakaa wazee wawili wakikisia. Nilikuwa nimesimama palepale.

Rubel alirudi Marekani Februari. Hunitumia ujumbe wa sauti: “Yani, usinune, ulikuwa utani tu.” Sijajibu hata moja. Alinitumia na viatu. Viko ndani ya boksi lake, paka analala juu yake.

Na msimu huu anapigwa vibaya. Mechi zake Baba huangalia nyumbani, sauti imezimwa kabisa. Jumapili iliyopita wapigaji walimchapa Rubel kama zulia la kukung'uta vumbi. Chini ya picha yalipita maandishi kwamba akishindwa tena watamrudisha timu ndogo. Niliyasoma. Baba aliyaona yakipita, na hakuuliza.

Baada ya muda akatoa mkono mfukoni. Alichukua chungwa mezani, akalishika kwa vile vidole vyake, akaniwekea karibu na uso.

“Anakaza mno,” akasema. “Na kidole kile bado kinagusa. Mwambie akikunje, akisahau kama mimi nilivyokisahau changu. Mwambie kaka yako.”

Ni neno la kwanza alilonipa kulibeba tangu Novemba.

Kila nikishika simu nasikia kile kicheko cha uani, naiweka chini. Jana Baba aliniuliza, “Ulimwambia?” Mkono wake ulikuwa juu ya meza, wazi, kando ya kikombe cha kahawa. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi Rubel anarusha tena. Barua hii itakapokufikia, Alhamisi itakuwa imepita zamani, nawe utakuwa umeshajua kutoka magazetini kama nilimwambia au la. Usimpigie Mama kuuliza.

Msalimie binamu Leudy na mkewe Amparo, na yule bibi pia, hata kama atadhani salamu ni za mtu mwingine. Mama anakusalimu, Don Chencho naye anasema unamdai mchezo wa domino. Mungu ayalainishe magoti yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima, maana katika nyumba hii namhitaji mtu mmoja wa kumwambia kweli.

Akupendaye daima, hata anaponyamaza,
binti wa kaka yako,
Yaniris