Wifi Amekata Blanketi la Mama Atoe Kiraka cha Kanisa

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie haraka, maana wembe uko mezani na nikiendelea kuutazama nitafanya jambo. Mimi ni mwanakwaya, si mgomvi, muulize yeyote hapa Pine Fork, lakini wifi yangu Verdell amenifikisha mahali ambapo hata sala haipandi. Kanisa letu linashona blanketi kubwa la viraka la kuwakumbuka wazee wetu na wengine waliotutangulia, kila familia ilete kiraka kimoja cha nguo ya marehemu wao, lizinduliwe Jumapili ile ya Agosti ndugu zetu wa Chicago na Detroit wanaporudi nyumbani, na mwenyekiti wa kamati si mwingine ila Verdell, mke wa kaka yangu Roscoe. Mimi niliahidi kutoa kola ya gauni la bibi, iko kabatini mpaka leo, lakini yeye hakunisubiri, siku nilipompeleka mama kupimwa presha akaingia nyumbani kwa mama, maana ufunguo anao, akalitoa kitandani blanketi la bibi Arie akalikata kwa mkasi. Katikati, mshauri! Hata si pembeni!

Blanketi lile bibi alilishona majira ya baridi babu Hosea alipofariki, alichukua suruali na mashati yake ya shamba akasema atalala chini yake mpaka amfuate, na mama yangu, wakati huo mtoto, ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano. Katikati palikuwa na kipande cha suruali kilichofumuliwa mfuko, suruali yote imepauka kwa jua la mashamba ya pamba lakini pale mfuko ulipokuwa pamebaki buluu kama siku ilipotoka dukani, na mama, uzee wake wote huu, hulala ameweka kiganja pale pale. Ndipo hapo Verdell alipopeleka mkasi.

Nilimfuata jikoni kwake, anakoroga mchuzi, hata hakugeuka.

“Wifi, punguza jazba. Lile tambara lilikuwa linaozea kitandani, sasa litaonekana na kanisa zima. Nimewaheshimisha.”

“Umemheshimisha nani? Ulimwomba nani?”

“Mama mwenyewe hajasema kitu. Ni wewe tu unayewashwa.”

Roscoe alikuwa pale pale, mdomo umejaa mkate wa mahindi. “Ozella, kitambaa cha suruali tu hicho. Usinivunjie nyumba.”

Kitambaa cha suruali! Suruali ya babu yake mzaa mama! Na ni kweli mama hasemi kitu, anakaa kwenye kiti chake na blanketi mapajani, kidole kinazunguka lile tundu, nami sitaki kumwongezea machungu kwa maswali. Sasa fremu ya kushonea blanketi la kanisa imening'inizwa sebuleni kwangu kwa kuwa boriti za dari yangu ndizo imara, kwa hiyo kiraka kile nakiona nikila, nakiona nikifagia, tena amekizungushia utepe wa dhahabu kama keki. Alhamisi akina mama wanakuja kumalizia. Nataka kukifumua kabla hawajafika, blanketi la kanisa nalo libaki na tundu, wageni walione, Verdell aulizwe mbele za watu ajibu. Tatizo ni kwamba upande mmoja kimepakana na kiraka cha marehemu mume wa jirani yangu na upande wa pili kuna kijishati cha mtoto wa Bi. Lutie aliyekufa kwa homa, na nyuzi zimeshapita kote. Je, nifumue, au niendelee kumeza?

Ozella, Pine Fork, Alabama

Bi. Theodosia anajibu:

Ozella, weka wembe chini ndipo usome. Umeweka? Haya.

Una kila haki ya kuchemka, hata mimi nimechemka. Wifi yako hana adabu. Mtu anayevizia bibi kizee aende kupimwa presha ndipo aingie na mkasi anajua fika kwamba angeomba angenyimwa, kwa hiyo asikuletee habari za heshima. Anakusanya wazee waliokufa huku anamnyang'anya mzee aliye hai! Na Roscoe mwambie nimesema ameze huo mkate, halafu aende akamtazame mama yake usoni.

Sasa zamu yako, maana nawe hukunifurahisha. Blanketi si lako. Umejaza barua nzima unachotaka wewe, na mama aliyetunga uzi, mama anayelilalia, hujamuuliza hata swali moja. Eti machungu. Acha hizo! Unaogopa atasema kiraka kibaki, ukose vita yako. Verdell aliamua bila yeye, na wewe unajiandaa kuamua bila yeye. Isitoshe, Bi. Lutie hajakukosea lolote, na ukigusa kijishati kile kwa hasira zako, mimi nitakuwa upande wake.

Kesho nenda kwa mama. Kaa chini, muulize, “Mama, unataka kirudi?” Kisha nyamaza mpaka ajibu, hata akichukua mchana kutwa. Akitaka kirudi, Alhamisi mlete, mkalishe mbele ya fremu akina mama wote wakiwepo, na Verdell ndiye afumue, mshono baada ya mshono, kwa vidole vyake, bila kugusa uzi wa jirani. Asisaidiwe na mtu. Kwenye pengo lile itaingia kola ya bibi yako, na Verdell akirudishe kiraka cha babu yako mahali pake kabla hajaonja chai yako. Mama akisema kibaki, kinabaki, nawe utafunga mdomo, na Jumapili utakula kuku wa Verdell bila kununa. Lakini hata hapo, Verdell atazibia tundu la mama kwa kitambaa cha gauni lake analolipenda kuliko yote, na mama ndiye atakayechagua pa kukata. Ufunguo wa nyumba uuchukue siku hiyo hiyo.

Novemba ikiingia na baridi yake, wageni watakuwa wamesharudi Chicago, na blanketi la kanisa litakuwa ukutani. Mama yako atakuwa kitandani chini ya lake. Lisiwe na tundu.