Koki ya Mtaa Wetu

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Asubuhi fundi alitufundisha sisi wanagenzi wa idara ya maji kufunga koki kuu. Nikaifunga ya mtaa wetu kwa mbwembwe zote. Akaniambia, "Ukimaliza, fungua." Mimi huyooo, nikaenda kunywa chai!

Mchana nikawekwa kupokea simu za malalamiko. Ya kwanza tu, mama yangu! Eti maji yamemkatikia akioga, kichwa kizima povu la sabuni.

"Mjinga gani kafunga maji?"

Nikabana pua: "Pole mteja, tunafuatilia."

MTEJA! Mama yangu mzazi!

Akafoka: "Mwanangu anafanya kazi hapo hapo kwenu. Ngoja nimpigie awanyooshe!" Akakata.

Fundi kakimbia kufungua. Mimi nipo chini ya meza.

Simu yangu ya mkononi inaita. Ni yule mteja.