Rubani Neli katika Wodi ya Kifua

Jumatatu, 4 Machi 1957

Zamu ya asubuhi. Sindano, vipimo vya joto, mashuka. Wodi ya kifua kikuu haina mengine. Hakuna upepo kabisa.

Jioni nikapita dukani kwa baba yake Yasmini. Meli imeleta vitabu vya picha. Yasmini alishanifichia changu nyuma ya makopo ya samli, asije mtu akakiwahi.

Rubani Neli huyu mpya apita wote wa mwaka huu. Nimemsoma nimesimama, nikaja kumsoma tena chumbani kwangu, mtaa wa Chumbageni. Anawapelekea dawa watu wa milimani kwenye theluji, kwa eropleni ya injini moja. Kuna ukurasa mzima hauna neno hata moja. Weupe mtupu, na eropleni ndogo kama nzi pembeni. Nimeuangalia mpaka macho yakauma. Yasmini asema huo ni uvivu wa mchoraji, mtu amenunua picha apewe picha. Yeye wake ni Mzee Domo, mpelelezi mnene mwenye kima mwizi. Tukabishana hadi baba yake akaanza kufunga milango.

Tangu nishuke kutoka milima ya Usambara sina mwingine wa kubishana naye mambo haya. Manesi wenzangu waniona mtu mzima nisomaye vya watoto. Na waone.

Jumatano, 6 Machi

Bi Mwanahamisi wa kitanda cha dirishani amekiona kitabu kikichungulia mfukoni mwa aproni yangu. Akataka kujua yule mwanamke wa miwani mikubwa ni nani. Nikamwambia. Akasema, haya, soma.

Nikasoma, Kiingereza nikikigeuza Kiswahili papo hapo, picha nikizionyesha kitanda kwa kitanda. Wodi ikatulia. Waliokohoa walikohoa ndani ya mito.

Mama Tekla, aliyeletwa kutoka kambi ya mkonge, akauliza kama Neli ana mume.

"Mume wa nini?" akasema Bi Mwanahamisi. "Si ana eropleni!"

Wakacheka, na kucheka kunawaumiza. Sijaiona wodi hii ikicheka tangu nianze kazi. Nilipofika ule ukurasa mweupe nikanyamaza, nikauinua tu. Bi Mwanahamisi akasema taratibu, "Yuko peke yake." Basi. Ndivyo nilivyotaka Yasmini auone.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepeleka Neli wangu wote. Yasmini naye ameniazima Mzee Domo zake zote, amezifunga kwa utepe, na amri kwamba kurasa zisikunjwe. Mama Tekla ni wa Domo. Akimwona yule kima anajifunika shuka usoni. Sasa wodi ina makundi mawili, watu wa Neli na watu wa Domo, na saa ya kupumzika hakuna anayetoroka kwenda kukaa uani.

Jambo moja linanikera. Bi Mwanahamisi asema Shaabani imeingia, na mfungo ataufungia kwake. Nimemkumbusha maneno ya daktari: sindano zikikatizwa ugonjwa unarudi na nguvu mpya, na huenda usiisikie dawa tena. Amenenepa, homa imeshuka. Anajiona mzima. Wazima wa namna hiyo ndio tunaowapoteza.

Jumanne, 12 Machi

Sista, Mzungu wetu mkuu wa wodi, ameviona vitabu. Hakufoka. Aliuliza vinatoka wapi na vinarudi wapi. Kisha akasema karatasi iliyoshikwa na wagonjwa hawa haitoki tena humu. Ibaki kabatini mwa wodi, au iende tanuruni. Nichague.

Nikasema ibaki. Ana haki, na ndilo linaloniudhi. Siwezi hata kumkasirikia vizuri. Neli wangu wote. Nilivikusanya tangu chuoni.

Vya Yasmini je?

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia. Akauliza neno moja, "Vyote?" Nikasema vyote. Akageuka kupimia mteja sukari, na baada ya huyo mwingine, na mwingine. Nilisimama pale kama gunia. Hakuniangalia tena.

Nimerudi kwa miguu. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 15 Machi

Bi Mwanahamisi ameondoka. Saa ya kutazama wagonjwa dada yake alikuja na buibui la pili ndani ya kikapu. Mama Tekla alimwona akilivaa, akajifunika shuka. Sista asema hatuna nguvu ya kumfunga mtu kitandani. Kitanda kimesafishwa kwa dawa, kinanuka.

Leo hakuna aliyeomba kusomewa. Nina hasira na kila mtu, nikiwemo mimi.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada nikaenda Makorora kwa Bi Mwanahamisi, nikiuliza nyumba kwa nyumba. Nimemkuta uani anachambua mchele, mwembamba usoni tayari, au labda ni woga wangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanipa kigoda.

"Ikiwa umekuja na Neli wako, mwanangu, mimi si mtoto. Sirudi hospitali kwa hadithi."

Nikamwambia sikuja na hadithi. Nikamuuliza watoto wanalala wapi. Akaacha kuchambua. Wanalala naye, kitanda kimoja. Nikamweleza maana yake. Nilisema bila kuzunguka: anawapumulia ugonjwa.

Ndipo akanena lililompeleka nyumbani. Mumewe amefariki, na tangu alazwe watoto wanalelewa na dada yake. Kwenye wodi yetu watoto hawaruhusiwi. Siku ile aliporudi, yule mdogo alijificha nyuma ya huyo dada, akamwita yeye mama. Mkubwa, Mwanasha, alimwamkia mamake shikamoo kama mgeni, akakosa la kusema.

"Nikipona kifua halafu sina watoto, nimepona nini?"

Nimerudi na swali lake.

Jumatatu, 18 Machi

Nimewaza zamu nzima. Mwanasha hawezi kuingia, lakini kuna ua wa michongoma upande wa dirisha, na kutoka hapo hadi kitandani sauti inafika. Lakini watazungumza nini? Mtoto amesahau namna ya kuzungumza na mamake. Mimi na Yasmini tulianza kwa kubishana juu ya ukurasa mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa mnunuzi wa uzi na sabuni tu.

Inatakiwa nakala mbili za kitabu kimoja. Moja iingie, moja isiingie kamwe.

Nikaenda dukani. Nikamweleza Yasmini yote, yeye akipanga penseli. Akahamia kwenye madaftari. Nikaondoka.

Ijumaa, 22 Machi

Yasmini amekuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alimwomba binamu yake wa Mombasa, basi limeleta mzigo. Neli mbili mpya, za toleo moja. Domo mbili pia.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini mtu hakatiwi hadithi katikati."

Kisha akakaa kitandani pangu na tukamsoma Neli kichwa kwa kichwa kabla sijampeleka popote. Safari hii anatua kwenye mto ulioganda, na mchoraji ameuchora mpasuko wa barafu ukimfuata ukurasa baada ya ukurasa, tangu wa kwanza, kabla hata yeye hajajua. Yasmini akarudi nyuma kuutafuta mwanzo wake. Akakiri ni kazi nzuri. Nimelala nikiwa na furaha.

Jumamosi, 23 Machi

Makorora tena. Nikampa Mwanasha Neli wake. Hajui Kiingereza, ana miaka tisa. Alizifuata picha kwa kidole, na baada ya kurasa chache akasema yule anayebeba mizigo ya Neli si mtu mwema, tazama anavyosimama.

"Mimi nilisema toka zamani!" Bi Mwanahamisi akaruka. "Yule ni mbea!"

Mtoto akamgeukia. Wakaanza. Mdogo naye akasogea kuona kelele ni za nini, akaegemea goti la mamake bila kujijua. Nikakazana kunywa chai yangu.

Nikaueleza mpango wangu: ua wa michongoma, kila Jumapili, kitabu kimoja huku na kimoja kule. Bi Mwanahamisi hakusema ndiyo. Alinisindikiza hadi barabarani.

Jumanne, 26 Machi

Amerudi. Kwa miguu yake, asubuhi, kabla ya chai ya wodi. Buibui amelikunja kwapani. Akamwambia Sista, kwa Kiswahili, nami nikatafsiri, kwamba anataka kitanda kile kile cha dirishani. Alikuwa amewekwa mwingine. Mama Tekla akawaomba wabadilishane mpaka ikawezekana.

Daktari ameanza sindano upya. Nilimuuliza kama ugonjwa utaisikia dawa. Alisema tutaona. Sikulipenda jibu hilo, lakini ni la kweli.

Jumapili, 7 Aprili

Mfungo umeanza. Bi Mwanahamisi hafungi, kwa amri ya daktari, na anaona haya. Uji wake anaunywa ameuelekeza uso ukutani. Homa imepanda kidogo, leo imeshuka.

Alasiri Mwanasha alikuja na mama yake mdogo, wakasimama nyuma ya michongoma. Yasmini alikuwa nao. Sijui nani alimwalika. Neli ilizungumzwa kwa kupiga kelele, wodi nzima ikiingilia, Mama Tekla akidai Domo angeumaliza mkasa ule kwa kurasa mbili. Sista alipita, akasimama kidogo, akaendelea na njia yake.

Hadithi ikaisha. Nilidhani watatawanyika. Mwanasha akabaki. Akamwambia mamake kwamba kuku wa kijivu ametotoa, kwamba futari ya jana muhogo ulikuwa mgumu, kwamba mdogo wake ameanguka akatoka damu gotini lakini hakulia sana. Bi Mwanahamisi akauliza goti lipi. La kulia. Akauliza wamemtia nini.

Manyunyu yakaanza. Hakuna aliyesogea.