Damu Juu ya Cheti

Jumamosi, jua limeshazama

Nimempasua kaka yangu kichwa na bado hasira haijaisha.

Jana nilishinda Kisii mjini kwenye foleni ya kupimwa korona, nikarudi usiku, Sabato imeshaanza. Cheti kinatumika siku tatu tu. Ndege ya Doha ni kesho usiku, na gari litanichukua alfajiri kafyu ikiisha. Ningeweza kungoja jua lizame ndipo nifunge mizigo. Najua. Lakini woga wa safari ulinizidi, nikaona heri niipe mikono kazi.

Kaka yangu Onchari ni mzee wa kanisa la Wasabato. Alirudi kutoka ibadani akanikuta nakunja nguo. Alilipiga sanduku teke mpaka uani, unga wangu wa wimbi ukamwagika kwenye tope.

"Kwa hii nyumba hakuna kazi siku ya Sabato, hata kama unaenda kwa Waarabu." Akanizaba kofi.

Nilishika bakuli la jiwe lililochongwa Tabaka, zawadi ya kumpelekea mwajiri wangu mpya, nikampiga nalo kichwani. Akaanguka kwa magoti. Nikaliinua tena. Mama aliniuma mkono ndipo nikaliachia.

Jua lilipozama Onchari aliingia chumbani, kitambaa kichwani kimelowa damu. Akaanza kunikunjia nguo, moja moja. Mwisho akaokota cheti, akakiweka juu kabisa.

"Sasa funga," akasema.

Alama ya damu ya kidole chake iko juu ya jina langu, na muda wa kupimwa tena sina.